Mara Mia Moja Bila Kukosa

Jumatatu, 10 Machi

Daftari hili nimelinunua niandike makosa ya mashine, si maisha yangu. Lakini mvua imenifungia hapa kibandani Buruburu tangu saa nane, wateja wa simu hawaji, na nikianza na namba bila kueleza mambo yalikotoka nitakuja kulisoma mwezi wa saba nishindwe kujielewa.

Basi kwa ufupi. Mwezi wa Agosti mwaka jana, msumeno wa duara ulimkata ndugu yangu Maingi vidole vitatu vya mkono wa kushoto, katika karakana ya fanicha ya Mzee Wekulo, Kariobangi. Maingi ni mchongaji. Baba alimshikisha tezo kabla hajajua kusoma, na hadi miaka mitatu iliyopita alikuwa akichonga swara na bakuli kwa mikono yake. Mimi ndiye niliyemwambia kuchonga kumepitwa na wakati, aende kwenye mashine. Mimi ndiye niliyempeleka kwa Wekulo. Hilo sijamwambia mtu.

Tangu atoke hospitali anapiga msasa tu, kwa mkono wa kulia. Wa kushoto hautoki mfukoni mwa koti. Anataka kurudi kwenye msumeno, na Wekulo ameufunga kwa mnyororo na kufuli, hataki hata usikike. Nami nimewaahidi wote wawili kwamba nitaufanya msumeno ule uwe na macho.

Macho yenyewe ni haya: kompyuta ya bodi moja, ya bei ya chini, isiyozidi kipande cha sabuni, kamera inayoning'inia juu ya meza ya msumeno, wenzo wa chuma unaosukuma mbao badala ya mtu, na programu ninayoifundisha kutambua mkono wa binadamu. Nimechora mstari wa manjano mezani. Mkono wowote ukivuka mstari, kompyuta inakata stima na kifuniko cha chuma kinaangukia meno ya msumeno. Basi. Haina kazi nyingine duniani.

Wekulo alinisikiliza akiwa amekunja mikono, kisha akasema, "Ione mkono mara mia moja bila kukosa hata moja. Ndiyo nitoe kufuli."

Mara mia moja. Hata yeye hamwoni mkewe mara mia moja bila kukosa.

Ijumaa, 14 Machi

Mtambo umepata jina. Khalayi, binti anayepaka vanishi pale karakanani, aliingia akaukuta umekaa mezani na taa yake ndogo ikiwaka, haufanyi kitu.

"Niaje, Shemeji," akausalimu. "Umekuja, umekaa, unakula stima na kazi hakuna. Wewe ni shemeji kabisa."

Wote walicheka. Hata Maingi alicheka, na sijamsikia akicheka tangu Krismasi. Kwa ajili ya kicheko hicho nimekubali jina.

Jumanne, 18 Machi

Jaribio la kwanza kamili. Msumeno umezimwa, umefungwa, mnyororo wake pale pale. Mtu anapeleka mkono juu ya mstari, nami natia alama. Shemeji aliona mara 61 kati ya 100.

Tatizo ni kasi. Anapiga picha nne kwa sekunde, anazichunguza moja moja kama karani wa kortini. Katika robo ya sekunde mkono wa seremala umeshafika mahali ambapo hautarudi. Tena akipata joto anajipunguza kasi mwenyewe ili asiungue, na chini ya mabati yale joto ni la bure.

Wekulo alisoma namba kwenye daftari langu, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nilitamani kumrushia bisibisi.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua. Stima ilipotea saa tatu ikarudi saa kumi. Hakuna kilichofanyika.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemvika Shemeji kipande cha alumini cha kupoza joto, nilichokitoa kwenye amplifaya mbovu, na feni ndogo. Nimepunguza ukubwa wa picha na kuipa programu namba fupi za kuhesabia, ili ihesabu upesi. Sasa anaona picha kumi na mbili kwa sekunde. 79 kati ya 100.

Alhamisi, 27 Machi

Leo ilikuwa siku ya mikono. Programu hujifunza kwa kuonyeshwa. Usipoionyesha kitu haikijui. Kwa hiyo nilizunguka na kamera kama mpiga picha wa harusi. Mikono ya Khalayi yenye vanishi, mikono ya Khalayi ndani ya glavu. Viganja vya Wekulo, vipana kama sinia, vyenye vumbi la mbao, kisha vilivyolowa, kisha vikishika futi. Nilikwenda kwa msusi wa jirani mwenye kucha ndefu za rangi, akanikejeli lakini akakubali. Nilikwenda kwa makanika upande wa pili, mikono myeusi kwa grisi. Maingi mwenyewe alinishikia taa kwa mkono wa kulia, akapigwa picha mkono huo huo mara mia mbili, akisema, "Huu sasa utakuwa maarufu."

Nilirudi na picha elfu nne na zaidi. Nimechoka lakini nimefurahi. Hakuna aina ya mkono Kariobangi ambayo Shemeji hataijua.

Jumatano, 2 Aprili

93.

Nilikwenda kununua waya mchana. Niliporudi nilimkuta Maingi peke yake mbele ya meza ya msumeno, akiitazama skrini. Nilipoita jina lake aliondoka haraka, mkono mfukoni. Glavu ya Khalayi ilikuwa chini ya kamera.

"Ulikuwa unacheza na Shemeji?" nikamuuliza.

"Nilikuwa namsalimu," akasema.

"Akaitikia?"

"Aliitikia glavu." Kisha akarudi kwenye msasa wake, akasugua mguu mmoja wa kiti hadi nikaogopa utaisha.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua tena. Maji yameingia karakanani hadi kwenye vifundo vya miguu. Tulipandisha kila kitu juu ya mabenchi. 95 juzi, 94 jana. Namba zinapanda na kushuka na usingizi wangu unazifuata.

Ijumaa, 11 Aprili

98. Nilidhani Wekulo atakubali. Mbili tu zimebaki, na moja ni Khalayi aliyepitisha mkono kwa kasi ya mtu anayeua mbu.

"Mia," akasema.

"Mzee, hata daktari hafiki mia."

"Daktari aliyemshona Maingi hakuniuliza ilikuwa tisini na ngapi," akanijibu. "Mia."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Nimemwelewa sasa. Huyu mzee hataki Maingi arudi. Seremala mwenye vidole viwili anamtia aibu mbele ya wateja. Ameweka mia kwa sababu anajua haifikiki, ili siku moja aseme, "Si mimi, ni mashine." Nimemjua Wekulo miaka mitatu nikimwita mtu mwema. Kumbe mtu humjui hadi umwombe kitu.

Jumatano, 16 Aprili

Nimempata mwizi. Kwenye kona ya skrini kulikuwa na alama ndogo ya radi ambayo huja na kupotea, nami nilikuwa naipuuza. Maana yake ni kwamba bodi haipati nguvu ya kutosha. Nilikuwa nimeichomeka kwenye chaja ya simu, ya kibandani kwangu, ya bandia. Kila wenzo ulipoanza kusukuma, bodi iliishiwa nguvu kwa nukta moja, na nukta hiyo ndiyo iliyokuwa inapoteza mikono. Fundi simu mzima nimedanganywa na chaja! Nimeweka pawa, kile kisanduku cha kugawa umeme, niliyoitoa kwenye kompyuta iliyokufa. Radi haijaonekana tena.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Karakana imefungwa. Nilikwenda kanisani, nikauombea mkono mmoja kati ya mikono yote duniani.

Alhamisi, 24 Aprili

100.

Naiandika tena. 100 kati ya 100. Maingi alipitisha mkono wa kulia mara arobaini, Khalayi thelathini, makanika kumi, mimi kumi na tano, na zile tano za mwisho alizipitisha Wekulo mwenyewe, polepole, kama mtu anayegusa sufuria kujua kama ni ya moto. Kila mara kifuniko kilianguka: paa! Khalayi alicheza. Mimi nililia kidogo nikasingizia vumbi.

"Kesho turudie," akasema Wekulo. "Kukiwa na giza la mvua."

Kuna majibu ambayo mtu mwenye heshima hayaandiki hata kwenye daftari lake.

Ijumaa, 25 Aprili

Giza la mvua, mabati yakipiga kelele hadi hatusikiani. 100.

Wekulo alihesabu tena alama zangu, kisha akasema, "Jumatatu ya tarehe tano mwezi ujao. Baada ya sikukuu ya wafanyakazi." Maingi alimshika mkono, wa kulia, akautikisa hadi mzee akacheka.

Jumatatu, 5 Mei

Naandika polepole.

Tulifika saa mbili. Wekulo alivua kofia akaomba, maombi mafupi ya mtu asiyezoea kuomba mbele za watu. Kisha akatoa ufunguo, akafungua kufuli, mnyororo ukaanguka. Miezi tisa sijausikia msumeno ule. Ulipowashwa nilihisi sauti yake ndani ya meno yangu. Nilimtazama Maingi. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyerudishiwa nyumba.

Kila mtu alichukua mahali pake. Mimi kwenye skrini. Khalayi kando ya Maingi, akizikamata mbao zilizopasuliwa. Wekulo alisimama ukutani, kiganja chake juu ya swichi kuu. Alikiweka hapo tangu dakika ya kwanza na hakukiondoa, hata pua ilipomwasha. Nilimwona nikamdharau. Nilijisemea, huyu haamini kazi yangu hata baada ya mara mia mbili.

Mbao sita zilipita salama. Saiprasi, laini. Wenzo ulisukuma, Maingi aliongoza kwa mkono wa kulia nyuma ya mstari, na kwenye skrini kisanduku cha kijani kilikuwa kinauzunguka mkono wake kama inavyotakiwa. Mbao ya saba ilikuwa na fundo. Kipande kikamegeka kikakwama kati ya meno na wenzo, mbao ikaanza kupinda.

Mkono wa kushoto ulitoka mfukoni wenyewe. Naapa hakuutuma. Mikono ya mchongaji haiulizi. Uliinuka, ukaenda moja kwa moja kuondoa kile kipande, ukavuka mstari wa manjano, nami nilikuwa natazama skrini nikingoja kisanduku cha pili, na kisanduku cha pili hakikuja. Wenzo uliendelea kusukuma.

Sikupiga kelele. Hilo ndilo linaloniumiza. Nilikuwa naisubiri mashine yangu.

Wekulo ndiye aliyekata stima. Meno yalikuwa bado yanazunguka kwa kasi yaliyobaki nayo, na Khalayi akamshika Maingi kwa mgongo wa koti akamvuta hadi wote wawili wakaanguka kwenye maranda. Msumeno uliondoka na upindo wa koti tu. Kitambaa cha kahawia, upana wa vidole viwili, kilibaki mezani.

Mvua ilikuwa imeanza na hakuna aliyeiona ikianza.

Maingi aliinuka akarudisha mkono mfukoni upesi. Halafu akatuomba radhi. Yeye! "Pole," akasema. "Nimesahau." Nasi sote tukatazama pembeni: Khalayi dirishani, mimi kwenye nyaya. Wekulo aliteleza kando ya ukuta akakaa chini sakafuni, kofia mapajani. Nilielewa wakati huo kwamba ile mia haikuwa hila. Mzee huyu alikuwa anaogopa tu, na amekuwa akiogopa peke yake tangu Agosti.

Jumanne, 6 Mei

Shemeji huhifadhi kila picha aliyoiona. Nimezifungua.

Katika sekunde ile kuna picha kumi na mbili. Mkono wa kulia una kisanduku katika zote. Mkono wa kushoto uko wazi kabisa, mwanga mzuri, hakuna vumbi, mtu yeyote angeuona. Kidole gumba, kidole cha mwisho, na katikati kovu linalong'aa. Shemeji hakuandika chochote. Kwake hicho hakikuwa mkono.

Nilikaa nikiutazama. Kisha nikatambua kwamba ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona. Hospitalini ulikuwa umefungwa bendeji. Baada ya hapo mfuko. Mimi, dada yake, niliuona mkono wa ndugu yangu kwa mara ya kwanza kwenye skrini, ukielekea msumenoni.

Nikafungua picha nilizomfundishia. Ni elfu nne mia tatu na kumi na nane. Kuna kucha za msusi. Kuna grisi ya makanika. Kuna glavu. Wa kushoto wa Maingi haumo hata mara moja. Hakuna aliyeamua hivyo. Nilipofika kwake siku ile na kamera, alitoa wa kulia, nami nikashukuru moyoni kwamba sikulazimika kuomba. Tumelelewa hivyo: aliyeumia humtazami kidonda, unamtazama usoni. Ni adabu. Nimejenga mashine kwa ajili ya mkono mmoja, nikaifundisha mikono yote isipokuwa huo.

Jumatano, 7 Mei

Wekulo ameuliza kasoro ni nini. Nikasema huenda ni stima. Uongo, mchana kweupe. Kufuli limerudi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekwenda Umoja kwa Everline, mke wa Maingi, nikamwomba yeye amwambie kwamba nahitaji kuupiga picha mkono wa kushoto. Alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua macho.

"Mimi mwenyewe hulala akiwa ameuweka chini ya mto," akasema. "Nikiamka kwanza najifanya nimelala hadi aufunike. Wifi, hilo neno sina. Wewe ndiye ulimpeleka kule, wewe muulize."

Kumbe anajua. Kumbe kila mtu anajua ni nani aliyempeleka. Niliondoka bila kunywa chai. Nimeandika programu za mistari elfu mbili, na sentensi moja ya kumwambia ndugu yangu imenishinda.

Ijumaa, 9 Mei

Wengine walikuwa wamekwenda kula. Maingi alikuwa anapiga msasa. Mvua ilikuwa nyepesi, ile isiyosumbua mabati. Nilikaa kwenye benchi mbele yake.

"Maingi."

"Sema."

"Nahitaji kupiga picha mkono wako. Wa kushoto."

Msasa ulienda mara mbili zaidi, ukasimama.

"Miezi tisa," akasema.

"Nini?"

"Miezi tisa nangoja mtu mmoja alitaje hilo neno mbele yangu. Kushoto." Alipuliza vumbi kwenye mbao. "Nilidhani mnaona kinyaa."

"Nani aone kinyaa? Tulikuwa tunakuheshimu!"

"Najua. Mkinisalimu macho yanapanda kwenye mabati, kama kuna kitu huko juu. Khalayi anatania kila mtu hapa hadi mashine, mimi ananiita 'kaka'. Heshima yenu, Nthoki, imenifanya nikae na mkono mfukoni kama mtu aliyeiba sukari."

Nikasema ukweli. "Shemeji hakuuona kwa sababu hakuufundishwa. Nilimfundisha mikono yote isipokuwa wako."

"Hilo nalijua."

"Unalijua tangu lini?"

"Ile siku ulienda kununua waya. Nilibaki peke yangu nikamwekea wa kulia. Akachora kile kisanduku. Nikamwekea glavu ya Khalayi, tupu, haina hata mtu ndani. Akachora. Nikamwekea huu." Alitikisa mfuko wa koti. "Kimya. Nikasema, basi, naye wamemfundisha adabu."

Hasira ilinipanda hadi masikioni. "Na ukakubali kusimama kwenye msumeno? Ukijua?"

"Ningesema nini? 'Dada, mashine yako hainioni'? Ulikuwa umefurahi hivyo. Nikasema nitauweka mfukoni, hautatoka."

"Ungekufa, Maingi! Kwa kunionea haya mimi!"

"Na wewe nusura uniue kwa kunionea haya mimi," akasema, bila ukali, kama anayepima mbao na kunisomea kipimo.

Nililia, na safari hii sikusingizia vumbi. Nikamwambia yote, kwamba mimi ndiye niliyemtoa kwenye tezo, kwamba nayabeba hayo kila asubuhi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanaa-mwaitu," akaniita, yaani mtoto wa mama, kama tulivyokuwa tukiitana nyumbani, "ulinishauri, hukunibeba mgongoni. Niliupenda ule msumeno. Naupenda hata sasa, na hiyo ndiyo shida yangu."

Kisha akautoa mkono mfukoni, akauweka juu ya benchi, kati yetu, kiganja chini.

Niliutazama. Sikutazama uso wake wala mabati. Kovu ni la waridi na linang'aa, limevutwa upande mmoja pale daktari aliposhona. Kidole gumba kina nguvu bado. Kidole cha mwisho kimeanza kupinda kuelekea gumba, kama kinachojifunza kazi ya wenzake. Niliuliza kama unauma. Akasema mvua ikinyesha, ndiyo. Kumbe umekuwa ukimuuma msimu mzima na hakuna aliyeuliza.

Jumamosi, 10 Mei

Picha mia saba. Maingi ndiye aliyeongoza. "Sasa na vumbi. Sasa nimelowa. Sasa kiganja juu. Huo upande hujapiga, geuza kamera." Sijawahi kupata mteja msumbufu hivi.

Khalayi aliingia, akaona, macho yakaruka juu. "Shuka chini, Khalayi," Maingi akamwambia. "Huko juu hakuna kitu isipokuwa kutu." Alishuka. Akasema, "Pole, kaka," akabaki amesimama na brashi yake inadondosha vanishi kwenye kiatu.

Wekulo alikuja mwisho. Alivua kofia, akaushika ule mkono kwa viganja vyake vyote viwili, akakaa nao. "Niliuosha huo msumeno mwenyewe," akasema. "Sikutaka mtu mwingine auoshe." Maingi hakuutoa mkono hadi alipoachiwa.

Nilimwambia mzee kwamba nilimdanganya kuhusu stima. Akasema, "Nilijua. Stima haimfanyi mtu akose usingizi hivyo."

Jumanne, 13 Mei

Wa kushoto: 71.

Ijumaa, 16 Mei

Wa kushoto: 94. Wekulo anahesabu kwa sauti. Tukikosa moja anaanza upya, na sijanung'unika.

Jumatano, 21 Mei

Tulifika 99. Ya mia, kimya. Ilikuwa ni upande, kidole gumba kimejificha chini ya kiganja. Nilipiga picha hamsini za upande huo hapo hapo. Kesho upya.

Jumamosi, 24 Mei

Wa kushoto, mchana: 100. Wa kushoto, giza la mvua: 100. Wa kulia, tuliporudia: 100. Wekulo ameniomba daftari, akatia sahihi chini ya namba, kama shahidi wa ndoa.

Jumatatu, 26 Mei

Kufuli lilitoka saa tatu. Mvua haikunyesha, jua liliingia kupitia matundu ya mabati na vumbi likawa linaonekana. Wekulo kwenye swichi kuu, kiganja juu yake. Leo nilimshukuru kwa macho.

Maingi hakuvaa koti. Alikuja na shati la mikono mifupi.

Tulipita mbao ya saba, hakuna aliyepumua, ikapita. Tukapasua hadi ya ishirini na tatu. Hiyo ilimegeka kipande kando, na mkono wa kushoto ukainuka tena kama ulivyoinuka siku ile, bila kutumwa. Safari hii sikuisubiri mashine. Nilifungua kinywa nipige kelele, lakini kabla sauti haijatoka, paa! Kifuniko kilikuwa kimeshaanguka, wenzo umesimama, msumeno unafifia chini ya chuma. Kwenye skrini, kisanduku cha kijani kimezunguka gumba, kovu na kidole cha mwisho. Juu yake programu imeandika neno moja: mkono.

Maingi alikuwa bado ameunyoosha hewani.

Khalayi ndiye aliyesema kwanza. "We Maingi! Vidole viwili na bado vinatafuta shida? Ungekuwa navyo vyote si ungetumaliza!"

Wekulo aligeuka kumtazama kwa macho makali. Na Maingi akaanza kucheka. Alicheka hadi akaegemea meza, hadi Khalayi naye akacheka kwa woga, kisha kwa kweli.

Tukapumzika. Wekulo mwenyewe alimimina chai. Alimnyooshea Maingi kikombe, na Maingi, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa mtupu, haushiki kitu, akakipokea kwa wa kushoto. Nyumbani baba alitupiga kwa hilo. Mkubwa akikupa kitu hukipokei kwa kushoto, hata uwe umebeba dunia kwa kulia. Gumba na kidole cha mwisho vilikibana kikombe, kikatetemeka kidogo, kikatulia. Wekulo aliutazama mkono ule waziwazi, hadi Maingi alipopiga funda la kwanza.

"Sukari inatosha?" akamuuliza.

"Ongeza kidogo, mzee," akasema Maingi, na akakirudisha kikombe kwa mkono ule ule.